Mein Swichi Yako Unaijua Gizani?

Karibuni tena, habari za huko mliko. Leo sijaja na vifaa vipya vya kuonyesha, leo ni usalama wa umeme nyumbani. Nipo nyumba ya kupanga huku Mbagala: vyumba sita, mita moja ya LUKU, na upande wa barabarani kuna fremu mbili, saluni na duka la nafaka. Mama mwenye nyumba ameturuhusu kurekodi. Shikamoo mama, asante sana.

Kabla sijafungua hata skrubu moja, nikuulize wewe unayetazama. Saa nane usiku, soketi ya chumbani kwako inatoa cheche. Mein swichi, ile ya kuzima umeme wa nyumba nzima, iko wapi? Hapa nimeuliza chumba kwa chumba. Wanaojua ni wawili, na mmoja wao ni kijana wa darasa la tano. Ipo stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, na stoo ina kufuli. Ufunguo anao mama. Mama akienda kwa mwanawe Kimara, ufunguo unakwenda Kimara.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama yoyote. Mkaa unahama leo. Ufunguo wa pili unatundikwa kwenye msumari huu wa koridoni, kwa kimo cha kufikiwa na kila mtu mzima, na tochi pembeni yake. Mkishamaliza, kila mpangaji afumbe macho, atoke kitandani kwake mpaka hapa, aishushe swichi. Mikono mikavu, viatu miguuni. Waambieni watu wa fremu kwanza, msije mkamzimia dada draya kichwani kwa mteja.

Hatua ya pili, ngoja nisogeze kamera. Unaona hizi ndogo zilizopangana? Hizo ni breka. Kazi yake ni kulinda waya usiungue, wewe hazikujui. Umeme wa kumuua mtu haufiki hata sehemu ya kumi ya ampia moja, na breka ya ampia 32 hapo haistuki kabisa. Anayekulinda wewe ni huyu mpana mwenye kitufe kilichoandikwa T, RCCB. Za nyumbani huwa za miliampia 30: umeme kiasi hicho ukipotea kupitia mwilini kwenda ardhini, inakata kufumba na kufumbua. Kitufe cha T ni cha kuipima. Umeme ukiwepo, unabonyeza, inatakiwa ianguke.

Nabonyeza... haijaanguka. Nabonyeza tena. Kimya.

Mama, hii imekufa, na hakuna ajuaye tangu lini. Inabadilishwa leo, halafu napima na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ya nyumba nzima. Nyie mnaotazama, msiifungue wenyewe, na msimwite kishoka kwa sababu anachukua elfu kumi tu. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ana cha kukuonyesha, mwombe akuonyeshe. Mimi ya kwangu nabonyeza kila mwisho wa mwezi, siku ileile ninayonunua umeme, ili nisisahau.

Twende saluni. Dada, tunaomba dakika mbili. Tazama soketi hii: kuna kifuniko cha kalamu kimechomekwa tundu la juu. Najua kwa nini, kila nyumba kipo. Chaja ya miguu miwili haiingii, unafungua kwa kalamu. Lile tundu la juu ndilo la ethi, na ule mguu mrefu wa plagi ndio unaofungua vile vizibo vya chini. Ukiacha kalamu humo, matundu ya chini yenye umeme yapo wazi siku nzima, na mtoto wa mteja anacheza hapa sakafuni na pini ya nywele. Adapta nzuri inauzwa bei ya soda chache.

Sasa ekstensheni. Draya mbili, kila moja imeandikwa wati 1,000. Birika la maji ya kuoshea, wati 2,000. Jumla 4,000, zote kwenye plagi moja ya ampia 13. Piga 13 mara volti 230: unapata 2,990. Umezidisha wati elfu moja na ushee. Na bado inafanya kazi! Kwa nini? Naifungua plagi... haya, sogea uone. Fyuzi imevishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, inayopitisha umeme. Fyuzi ilikuwa inakatika kila wiki, wakaona inasumbua. Plastiki hapa imeshageuka rangi ya chai, ukinusa unasikia kuungua. Birika linahamia soketi ya ukutani peke yake, na hii ekstensheni naikata kwa koleo mbele yenu, isije ikaokotwa na mtu.

Hatua inayofuata wengi wanaidharau: umeme unapokatika. Unapiga pasi, giza, unaiacha juu ya nguo, unatoka nje kupiga soga. Umeme unarudi umeshalala. Niliwahi kuitwa nyumba iliyoungua chumba kimoja, pasi ikakutwa imezama kwenye godoro. Umeme ukikatika, chomoa pasi, jiko na hita hapohapo, acha taa moja tu ya kukuambia umerudi. Mwenye jenereta dukani: likae nje kabisa, moshi wake unaua bila kikohozi. Na usichomeke umeme wake kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi huku na huku. Unaurudisha kwenye nguzo, ukamkute fundi wa TANESCO juu. Weka chenjova, swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta.

Mtu akinaswa, usimshike. Shusha mein swichi. Ukiwa mbali nayo, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu wa ufagio, lakini hiyo ni kwa umeme wa ndani tu. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mita 10 au zaidi na uzuie watu. Asipopumua, mmoja apige 112, wewe bonyeza katikati ya kifua, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Moto ukiwaka, zima umeme, tumia kizimamoto cha poda, maji weka mbali, piga 114. Moto ukiwa mkubwa, tokeni. Na wa mabondeni, mvua za masika zikianza kujaa uani, zima kabla maji hayajafika soketi. Yakishafika, usiyakanyage kuifuata swichi.

Haya, kijana wa darasa la tano, fumba macho. Mama, simama naye hapo. Moja, mbili...

Sekunde 11. Mama, zamu yako.