Muziki Uliohamishwa Chumba Hadi Chumba: MTV na Chaneli Dada Zake

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Leo nataka tuufuate muziki wenyewe: kila MTV ilipobadilika, muziki ulipelekwa wapi?

MTV, chaneli ya televisheni ya video za muziki, ilianza kuruka hewani Marekani tarehe 1 Agosti 1981, dakika moja baada ya saa sita usiku, kwa video ya "Video Killed the Radio Star" ya kundi la Uingereza, The Buggles. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kampuni za kurekodi zinagharamia video, chaneli inazipata bure, watangazaji watano wanapokezana kuzitambulisha. Lakini wasanii weusi walipata nafasi finyu mno. Mwaka 1983 mwanamuziki wa Uingereza David Bowie, akihojiwa na MTV yenyewe, alimuuliza mtangazaji Mark Goodman kwa nini ni wachache hivyo. Namheshimu kwa swali lile. Alikuwa akinufaika na chaneli hiyo, na bado aliuliza mbele ya kamera yao. Mwaka huohuo "Billie Jean" ya Michael Jackson ikapita, na wengine wakapata pa kupitia.

Dada wa kwanza alizaliwa kwa hofu ya ushindani. Mwaka 1984 Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, alifungua chaneli yake ya muziki, ikadumu kama wiki tano tu. MTV wakaichukua, na tarehe 1 Januari 1985 wakazindua VH1 kwa watu wazima wanaopenda nyimbo tulivu.

Sasa tufike kwenye kiini. Video hudumu dakika tatu au nne. Usipoipenda, unabonyeza rimoti na kuondoka. Kipindi cha nusu saa kinakushika hadi mwisho, na mwenye matangazo ya biashara analipia macho yaliyotulia. Mwaka 1992 MTV ikaonyesha The Real World: vijana saba wageni wao kwa wao wanaishi nyumba moja, kamera zinawafuata, hakuna mwigizaji wa kulipwa wala mwandishi wa mchezo. Kilipendwa sana. Tangu hapo muziki ukawa kama mgeni anayehamishwa sebuleni kwenda chumba cha uani. Mwaka 1996 ikafunguliwa M2, ambayo baadaye iliitwa MTV2, ili wanaotaka video wazipate huko. Baada ya miaka kadhaa, MTV2 nayo ikajaa vipindi. Februari 2010 maneno "Music Television" yakaondolewa kwenye nembo ya chaneli mama.

Kwetu Afrika dada mwingine alifika tarehe 22 Februari 2005: MTV Base, chaneli ya 100 ya MTV duniani. Ilifungua kwa "African Queen" ya 2Face Idibia wa Nigeria. Mwezi huohuo, tarehe 14, jina la YouTube lilisajiliwa Marekani. Yaani tulipokea chaneli yetu mwezi uleule ambao mrithi wake alikuwa anaandaliwa.

Hata hivyo ilitufaa sana. Video ya Nairobi ilichezwa kati ya ile ya Lagos na ile ya Johannesburg, na udhaifu wa picha ukaonekana palepale. Wasanii wa Bongo Fleva wakaanza kusafiri Afrika Kusini kurekodi video zao. Wahu wa Kenya alitwaa tuzo ya msanii bora wa kike katika MAMA za kwanza, yaani tuzo za muziki za MTV Afrika, kule Abuja mwaka 2008, na mwaka 2015 kule Durban Diamond Platnumz akachukua ya mtumbuizaji bora jukwaani.

Tarehe 31 Desemba 2025 chaneli tano za muziki za MTV zilizimwa Uingereza, zikiwemo MTV 80s na MTV 90s. Wengi watasema nyimbo zote ziko mtandaoni, na ni kweli. Ninachokililia mimi ni yule mtu aliyechagua wimbo, akautaja, akautanguliza kwa mtazamaji ambaye hakuuomba.

Desemba 1992 MTV ilianza kuandika jina la mwongozaji wa video chini ya skrini, pamoja na la msanii. Wengi walijulikana kwa njia hiyo. Wenzangu mnaoendesha vipindi vya muziki Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, naomba kitu kimoja ambacho hakiwagharimu chochote: kila video mnayoicheza, andikeni jina la aliyeiongoza.