Kompyuta gani iingie kwenye sanduku la muziki?

Shikamooni wazee, habari zenu vijana. Jambo letu leo ni sanduku la muziki la kubonyeza vitufe, jukiboksi, la kukaa mgahawani hapa Mtwara na nyimbo elfu tatu tumboni bila intaneti. Tuweke kompyuta gani?

Swali la kwanza huwa kasi. Kasi iacheni. Kupiga MP3 ni kazi nyepesi hata kwa Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016, kompyuta ndogo ya bodi moja, na memori ya GB 1 inatosha, isipokuwa ukitaka skrini yenye picha za albamu. Hapo chukua GB 2. Wimbo wa dansi wa dakika nane kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde unakula kama MB 19, kwa hiyo elfu tatu zinaingia kwenye flashi ya GB 64, chupuchupu.

Ulizeni sauti inatokea wapi. Pi 3 na Pi 4 zina tundu la milimita 3.5, lakini ukilipeleka kwenye amplifaya kubwa utasikia mchakacho wimbo unapotulia. Pi 5 na Zero 2 W hazina tundu hilo kabisa. Dawa ni kadi ya sauti ya USB, au kibao cha DAC, kinachogeuza data kuwa sauti, chenye chipu ya PCM5102. Hicho cha pili kinashika GPIO 18 hadi 21, yaani pini za bodi za kuungia vifaa, basi vitufe viunge kwingine. Na pini zile ni za volti 3.3: ukizigusisha volti 5, bodi imekufa.

Sasa umeme, maana ndio unaoua masanduku haya. Chaja ya simu na waya mwembamba hushusha volti njiani; zikishuka chini ya 4.63, Pi inalalamika na kupunguza mwendo. Kwenye dirisha la amri (terminal) la Pi andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, uko salama. Ikijibu 0x50000, volti zilishuka na mwendo ukapunguzwa tangu ilipowashwa, hata kama sasa hivi inapiga vizuri. Badili waya kwanza, mfupi na mnene, kabla ya kuilaumu bodi.

Umeme ukikatika wakati kadi ya SD yenye mfumo wa Pi inaandikwa, kesho huenda isiwake. Ndiyo maana mfumo unafungwa usiandikwe: fungua raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, sehemu ya Overlay File System. Nyimbo zikae kwenye flashi peke yake. Lakini angalieni, mkiongeza nyimbo, ondoeni kufuli hilo, sasisheni orodha ya MPD, programu inayopiga nyimbo, kisha mfunge tena. La sivyo ukizima tu orodha mpya imepotea.

Wako watakaosema, si bora Dell OptiPlex Micro ya mtumba, ile kompyuta ndogo ya mezani? Kwa mgahawa wenye umeme wa ukutani, ni bora kweli: ina SSD na tundu la sauti. Vitufe utaviunga kwa kibao cha USB cha mashine za gemu. Ila inataka volti 19.5. Mwenye sola kule Newala atumie Pi. Betri ya volti 12, Ah 7, ina Wh (wati-saa) 84. Tumia nusu tu isife mapema, yaani 42. Pi 3 ya wati 4, ukitoa upotevu wa kibadilisha volti, inakwenda kama saa nane. Amplifaya ina hesabu yake, na ndiyo mlaji mkubwa.

Sanduku la mninga linapendeza, lakini mkilifunga kote Pi 4 hufika nyuzi 80 na kuanza kujipunguza. Toboeni chini na juu, hewa ipande. Matundu yasitazame baharini. Chumvi ya Shangani inakula pini.

Kuna aliyeuliza kitufe cha kuzima. Unga kitufe kati ya pini ya 5 na ya 6 kwa kuhesabu miguu ya bodi (si namba za GPIO), kisha kwenye config.txt, faili la mipangilio ya kuwasha Pi, ongeza mstari dtoverlay=gpio-shutdown. Bonyeza, inazima taratibu. Bonyeza tena, inawaka.