Baton ikilodi, iseme ukweli

Haya jamani, asalam aleikum, na habari za jioni kwa wote, nyinyi wa mlangoni ingieni tu viti viko huku mbele, joto hili halina pa kulikimbia. Leo sitaki kujua unatumia freimuweki gani, hiyo tutagombana mpaka isha. Nataka tuongee zile sekunde mbili tatu baada ya mtu kubonyeza baton, kabla jibu halijarudi. Hapo ndipo wateja wanatukimbia na sisi tunasema eti mtandao ndio mbaya.

Chukua duka la leso, la kubuni tu, tuseme liko Biashara Street na sasa linauza online. Mama mmoja yuko Likoni anangoja feri, bando imebaki kidogo, netiwaki inakuja inapotea, ameshachagua doti mbili, anabonyeza Lipa. Kimya. Baton iko vilevile, rangi ileile, kama haijaguswa. Atafanya nini? Atabonyeza tena, na tena, na hata wewe ungebonyeza usijifanye. Kule kwa seva zimeshaingia oda tatu.

Mambo haya si mapya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliyaandika 1993, na Robert Miller, mtafiti wa IBM, alishayagusa 1968 kabla ya wavuti kuwepo. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1 mtu anaona ni papo hapo. Mpaka sekunde 1 anahisi kumechelewa lakini fikra zake bado ziko pale pale. Ikipita 10 amekuacha, ameshaingia WhatsApp. Kwa hivyo si kila kitu kinataka spina, kile kiduara kinachozunguka. Jibu linalorudi haraka ukiliwekea spina unapata kitu kinawaka na kuzimika kama taa mbovu, heri ungoje kidogo kwanza, nusu sekunde hivi, jibu likiwa bado ndio uionyeshe. Lakini ile dalili kwamba baton imebonyezwa, hiyo iwe hapo hapo, haingoji seva.

Sasa iwekwe wapi? Pale pale palipobonyezwa! Mtu ameongeza leso moja kwenye kikapu, wewe unamfunikia ukurasa mzima kwa pazia la kijivu na duara linazunguka katikati, kwa nini? Kilichobadilika ni namba moja, basi hiyo namba ndiyo ionyeshe inangoja, kwengine kote aendelee na shughuli zake. Na tafadhali baton isibadilike ukubwa. Ukiondoa neno "Lipa" ukaweka kaduara kadogo, baton inasinyaa, iliyo pembeni inasogea, kidole kilichokuwa kinashuka kinaangukia "Futa". Acha upana uleule, andika "Inatuma…" na kaduara kando yake, yatosha.

Wengi wetu tukitaka kuzuia kubonyeza mara mbili tunaweka disabled, ile alama ya HTML ya kuzima baton, tunaenda kulala. Tatizo ni kwamba baton yenye disabled haishikiki kwa kibodi, anayetembea kwa kitufe cha Tab ghafla anapoteza mahali alipokuwa. Weka aria-disabled, alama ya kuiambia programu inayosoma skrini kwamba baton imezimwa, halafu wewe mwenyewe kwenye skripti ukatae mbonyezo wa pili, maana hiyo aria-disabled ni tangazo tu, haizuii chochote. Na asiyeona, anayesomewa skrini, kaduara kako kwake si kitu. Weka sehemu yenye role="status" iwepo tangu ukurasa unafunguka, ukianza kutuma tia humo maneno "Tunatuma oda", yatasomwa bila kumhamisha alipo. Ile aria-busy ni ya kusema sehemu hii bado inajengwa, wengine wanaiweka wakidhani inatangaza kitu, haitangazi. Pia kuna watu animesheni zinawatia kizunguzungu na wameshazizima kwenye simu zao, prefers-reduced-motion iko, iheshimuni.

Lakini hata ukifanya yote hayo kwa brauza, seva isiamini brauza. Kila jaribio la oda lipe kitambulisho chake, likirudi mara ya pili na kitambulisho kilekile seva irudishe jibu la mwanzo, isifungue oda mpya.

Tuje kwa M-Pesa, maana hapa ndipo naona uongo mwingi zaidi, na samahani nitakaa hapa kidogo. Ukituma ombi la STK, lile linaloleta dirisha la PIN kwenye simu ya mteja, Safaricom inakujibu haraka, ResponseCode 0, na developa anafurahi anazima spina anaandika "Malipo yamefaulu". Ndugu yangu, hakuna aliyelipa! Hiyo 0 ina maana ombi limepokelewa, basi. Mama wa watu bado anaitafuta PIN kichwani. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, kwa njia nyengine, kwa kolibaki, yaani ujumbe ambao Safaricom inautuma kwa seva yako, na humo ndimo mna ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa mwenyewe. Kwa hivyo baton yako haina hali mbili, ina nyingi, na kila moja ina maneno yake. Kwanza "Inatuma ombi". Halafu "Angalia simu yako uweke PIN", na hapa usimwambie "inalodi" kwa sababu sasa anayengojewa ni yeye, si wewe! Halafu "Tunathibitisha". Kolibaki ikichelewa usiandike imefeli, hujui bado, uliza hali ya muamala kwanza, la sivyo atalipa mara mbili na vita vyake ni vyako.

Mstari wa asilimia nao. Mtafiti Brad Myers alionyesha 1985 kwamba watu wanapenda kuona kazi imefika wapi, sawa, lakini iwe imefika kweli. Mstari unaokimbia mpaka 99 halafu unakaa hapo ni kama makanga anayepiga kelele "mmoja wa mwisho twende" na gari nusu tupu. Kama hujui kimebaki kiasi gani, ile elementi ya progress iache bila value, itajionyesha kuwa haijulikani, hakuna aibu.

Halafu spina isiyokufa. Inatokea hivi, mstari wa kuizima uko baada ya jibu, eror inarushwa kabla, mstari haufikiwi, inazunguka mpaka betri iishe. Weka kuzima ndani ya finally, sehemu ya kodi inayofanya kazi hata eror ikitokea. Na mkumbuke fetch, ile amri ya brauza ya kuiuliza seva, hailalamiki seva ikirudisha 500, namba ya kosa la seva, kwake hilo ni jibu kama majibu mengine, angalia response.ok mwenyewe. Muda wa kungoja pia uweke wewe, AbortSignal.timeout ipo. Ikishindikana baton irudi kuwa "Lipa", na alichojaza kwenye fomu kibaki, usimfanye aandike anwani ya Mtongwe upya.

Nani ameuliza utajaribu vipi wakati wifi ya hapa iko sawa? Fungua devtuls, vile vifaa vya developa ndani ya brauza, upande wa Netiwaki punguza kasi mpaka 3G, bonyeza, halafu katikati uzime kabisa uone baton yako inasema nini. Leteni hiyo laptop ya mbele tuanze na ya kwako.