Mbegu ya Tenera Haiokotwi Chini ya Mti

(Mhadhara kwa wakulima wa michikichi, maafisa ugani na wanafunzi wa kilimo, Kigoma Mjini)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliojazana huko nyuma, asanteni. Barua ya mwaliko inasema nizungumzie mchango wa utafiti katika mazao, bustani na mifugo. Yote hayo kwa dakika arobaini! Basi nianze na mchikichi. Wanaonijua wameshaanza kucheka, kwa sababu nikishagusa mchikichi, maharage na kuku hubaki kugombania dakika tano za mwisho. Chekeni tu. Siku nitakayotoka Mwandiga mpaka Simbo bila kuona kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, chenye mbegu ya kuokota, nitabadilisha hotuba.

Historia ya zao siisemi. Mmekua mkila mawese, na tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolishikia bango zao hili, hakuna mkutano mkoani humu usiofunguliwa kwa maneno yale yale, kwamba nchi inaagiza mafuta ya kula na Kigoma ipo. Hayo tumeyasikia. Mimi nina swali moja: ile miche iliyopangwa nyuma ya nyumba yako, mbegu yake umeitoa wapi?

Najua jibu. Jirani ana mti wa tenera, ile aina ya mchikichi yenye mafuta mengi, mkungu wake ukianguka ardhi inatikisika, mafuta yake yanajaza madumu. Ukamwomba, akakuruhusu, ukaokota machikichi yaliyopukutika chini ya mti ule ule, ukayaotesha. Na unanieleza hivyo huku unasubiri nikupongeze, kwamba mkulima huyu ni mjanja, amechagua mti bora. Ungekuwa umechagua shina bora la maharage ningekupa mkono. Kwa tenera, umejiwekea hasara ya miaka 25.

Tulieni, msinung'unike. Leteni chikichi na kisu. Likate katikati. Likiwa la kienyeji, yaani dura, kisu kinagota mapema: nyama ni kidogo, ganda la kokwa ni nene, linaweza kufika milimita 8. Likiwa tenera, kisu kinazama kwenye nyama, na ukilichungulia utaona ganda jembamba, na pembeni mwa ganda kuna duara la vidoa vyeusi vya nyuzi. Hizo nyuzi ndizo kitambulisho chake. Halafu yuko wa tatu, pisifera, ambaye hana ganda kabisa. Mtasema basi huyo ndiye wa kupanda, ni nyama tupu! La hasha. Pisifera kwa kawaida hazai. Anatoa vikungu vinavyooza kabla havijakomaa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wanaposinzia. Unene wa ganda unaamuliwa na kinasaba kimoja tu, na kila mti una nakala zake mbili, moja ya baba na moja ya mama. Dura ana mbili za ganda nene. Pisifera ana mbili za kukosa ganda. Tenera ana moja ya huku na moja ya kule. Tenera ni chotara, na atabaki chotara. Waliolifumbua fumbo hili ni Beirnaert na Vanderweyen, kwenye kituo cha Yangambi, mwaka 1941. Yangambi haiko Ulaya, iko Kongo, nchi ya hapo ng'ambo ya ziwa. Kinasaba chenyewe kikaja kutambuliwa na kutangazwa na watafiti wa Malaysia na wenzao wa Marekani mwaka 2013. Kwa hiyo ninachowaambia si maoni yangu.

Twende shambani. Ekari moja, ukipanda kwa mita 9 za pembetatu, inachukua miti kama 57. Tuseme mbegu umeokota chini ya tenera aliyezungukwa na tenera wenzake. Robo ya miti yako itakuwa pisifera: takriban miti 14 ya kukupa kivuli. Robo nyingine itarudi dura, na utakaobaki na tenera ni nusu. Na kama yule tenera wa jirani amezungukwa na michikichi ya kienyeji, ambayo ndiyo imejaa kwenye mabonde yetu, basi pisifera hutapata, lakini nusu ya shamba ni dura. Tenera anampita dura mafuta kwa asilimia 30 hivi. Piga hesabu mwenyewe kwa mti mmoja, kisha kwa mwaka, kisha kwa miaka 25.

Ubaya wake ni kwamba hutaona kitu mapema. Kitaluni miche yote ni ya kijani, yote inapendeza, hata mimi siwezi kukutajia kwa macho ipi ni ipi. Inakaa kitaluni karibu mwaka, inahamia shambani, inachukua kama miaka mitatu ndipo ianze kuzaa. Na pisifera ndiye atakayekuwa anang'aa kuliko wote! Hana mzigo wa kulea mikungu, kwa hiyo nguvu zote anapeleka kwenye majani. Nimewahi kuoneshwa mti wa namna hiyo na mama mmoja mkulima, anaupapasa shina kwa fahari, amewekea samadi ya kutosha kulisha bustani nzima ya nyanya. Nikamwambia mama yangu, huu hauzai. Akaniambia unachelewa tu, kizuri hakina haraka. Nikamwonyesha vikungu vilivyooza kwenye makwapa ya makuti. Akasema ni panya.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha mzee mmoja, na walioshakisikia wanivumilie. Kikundi chao kilikuwa kimepokea mbegu bora zilizokwishachipushwa. Zilibaki chache ambazo hazikuchipua. Mzee akachukua moja, akaiweka juu ya jiwe, akaigonga kwa jiwe lingine. Haikupasuka. Akaigonga tena, ikamruka ikaingia chini ya benchi. Ilipopasuka mara ya tatu akaokota kipande cha ganda, akakiinua juu kila mtu akione. Nene kama la kienyeji! "Mwanangu," akaniambia mbele ya umati, "nimevunja mise, hizi kokwa za mchikichi, tangu nikiwa mtoto. Hii ni dura. Mmekwenda kuokota porini, mmetuletea kwa jina la serikali." Mkutano ukachafuka. Mwenyekiti wa kikundi akawa anatafuta kofia yake aondoke.

Mzee yule alikuwa sahihi kuhusu ganda. Lilikuwa la dura kweli. Mbegu ya tenera inatengenezwa kwa kumchukua mama dura, aliyechaguliwa, na kumpa chavua ya baba pisifera. Kila mtoto atakayezaliwa hapo ni tenera, wote, bila hata mmoja kukosea. Lakini lile ganda limeota kwenye tunda la mama, ni mwili wa mama. Mtoto yuko ndani, kwenye kiini. Nikamwambia mzee, ukikutana na mama barabarani amembeba mwanawe mgongoni, hiyo kanga unayoiona ni ya mama. Sura ya mtoto huijui mpaka afunguliwe. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Kwa hiyo mbegu yenye ganda jembamba ndiyo niikatae?" Ndiyo, mzee! Hapo ndipo nilipojua amenielewa kuliko baadhi ya mabwana shamba. Mtu akikuuzia mbegu ya mchikichi, akaivunja mbele yako, akajisifu kwamba "ona ganda lilivyo jembamba, hii ni tenera halisi", mkimbie. Huyo ameokota chini ya mti.

Sasa nawasikia. Mmoja anasema: lakini babu yangu alipanda za kuokota na zikazaa miaka yote. Kweli kabisa. Babu yako alikuwa na dura, na dura akipata chavua ya dura anazaa dura. Desturi yake ilikuwa sawa kwa mti aliokuwa nao. Wewe umebadilisha mti, desturi hukubadilisha.

Mwingine, naona ni kijana aliyevaa fulana nyekundu, ananong'ona kwamba hizi mbegu za vituo ni mtego wa kuwafanya wakulima watumwa wa kununua. Kijana, hoja yako naiheshimu kwenye mazao mengine. Lakini nenda Kihinga, kituo chetu wenyewe cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, uulize kazi inavyofanyika. Ua jike linafungwa mfuko kabla halijafunguka, ili chavua ya nje isiingie. Likiwa tayari, mtu anapulizia chavua ya baba aliyechaguliwa, anaandika tarehe, anafunga tena. Hakuna mashine ya kutisha wala sindano. Ni mtu, ngazi na mfuko. Baada ya hapo mbegu yenyewe ina usingizi mzito, inabidi ikae kwenye joto la karibu nyuzi 40 kwa wiki kadhaa ndipo ikubali kuchipua. Ukiweza kuyafanya hayo kwako, na una dura na pisifera wanaojulikana ukoo wao, jitengenezee. Sitakushtaki.

Na huo ukoo si mchezo. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kule Java. Minne tu, asili yake Afrika. Kutokana na hiyo minne wakapatikana wale mama dura waitwao Deli ambao mashamba ya Malaysia na Indonesia yamejengwa juu yao. Wenzetu walichukua miti minne wakaichagua kizazi hadi kizazi. Sisi tunayo misitu mizima tunapanda kwa kuokota! Linaniuma hili, mniwie radhi nikipaza sauti.

Kuna anayeuliza, kwani kila zao ni hivyo? Hapana, na hapa maafisa ugani msiwachanganye watu kwa kuhubiri "nunua mbegu" kwa kila kitu. Maharage yanajichavusha yenyewe ndani ya ua kabla hata halijafunguka vizuri. Mama wa Kasulu au Kibondo anayechagua maharage yake bora baada ya mavuno na kuyatunza vizuri, mwacheni, anajua anachofanya. Achambue tu yaliyotobolewa na yenye madoa. Muhogo ni kipande cha mti ule ule, hauwezi kugeuka sura. Hatari yake ni kwamba ukipanda kipingili chenye batobato au michirizi kahawia umepanda ugonjwa pamoja nacho. Mahindi chotara yanakuadhibu kama tenera, ila adhabu yake ni msimu mmoja. Ndiyo maana kila zao lazima ujue linazaliwaje kabla hujaamua kuokota.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekuona, ndugu yangu.

Niseme haraka la mafuta yenyewe. Mnakata mikungu, mnailundika siku kadhaa ili machikichi yapukutike kirahisi. Kazi inapungua, ndiyo, lakini chikichi likishachubuka, kimeng'enya kilichomo ndani kinaanza kuyavunja mafuta na tindikali inapanda. Mawese ghafi yanayouzwa kimataifa hayatakiwi kuzidi asilimia 5 ya tindikali hiyo. Ya kulundika yanapita hapo mapema sana, ndipo mnunuzi anayanusa, anakunja uso, anasema ni ya sabuni tu. Chemsheni mapema. Joto ndilo linalokiua hicho kimeng'enya.

La fukusi wa maua nilitaka kulieleza kwa urefu, lakini basi. Kwa kifupi, wale wadudu wadogo wanaojaa kwenye ua dume si adui, ndio wachavushaji. Malaysia walikuwa wanachavusha kwa kulipa vibarua, mpaka mwaka 1981 walipowachukua fukusi hao kutoka Kameruni. Ukipuliza dawa kwenye maua unajikata mwenyewe.

Kuku. Jamani, kuku. Chanjo ya mdondo ya I-2 imetokana na utafiti wa Australia, na hapa nchini inatengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko zile za zamani, si kwamba uiache juani. Tone moja jichoni, kuku wote siku moja, urudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Msisubiri waanze kupinda shingo. Chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuugua, na kila mwaka kuna mtu ananiletea kuku anayekufa akidai nimdondoshee.

Bustani nimeiruka, mtanisamehe watu wa matunda.

Nimalizie kwa wenye miche ya kuokota tayari shambani, maana najua mko humu na mmekuwa mkiangalia chini tangu nianze. Msing'oe kwa hasira. Ipeni miti namba kwa rangi. Ikianza kuzaa, kata chikichi kutoka kila mti, mwangalie ganda na zile nyuzi, mwandike kwenye daftari. Pisifera atoke bila huruma, hata kama ndiye mzuri kuliko wote, mama yangu. Dura mnaweza kumwacha, mise yake ina soko. Pengo lijazwe na mche wa Kihinga mapema, kabla miti ya jirani haijafunga kivuli. Wenye miche bado kwenye viriba, hamjachelewa: huo udongo wa kwenye viriba ni mzuri, oteshea mipapai.

Maswali sasa. Mzee pale mlangoni alitangulia kunyoosha mkono. Ila bei ya mawese msiniulize mimi, afisa biashara ameketi pale mbele na amejificha nyuma ya chupa ya maji.