Mkanda wa presha kwenye mkono mnene

Leo ni kuhusu kumtibu majeruhi mnene, na walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi. Naanzia kwenye mkanda wa presha, na sitaacha hadi siku nitakapoingia chumba cha majeruhi usiku nikaukuta ule mkubwa umening'inia ukutani, badala ya kufungiwa kabatini huku ufunguo umeondoka na zamu ya mchana.

Tuliletewa mama mmoja, abiria wa bodaboda, kilo kama 130. Paja limevunjika, mbavu za kushoto zimevunjika. Presha imeandikwa 128 kwa 80. Daktari wa zamu akaridhika, akashughulika na paja. Nilipofika nikamshika mkono: wa baridi, umelowa jasho. Mapigo 132. Sasa niambieni, mwenye presha nzuri jasho la baridi linamtoka wapi? Nikautazama mkanda. Ni ule wa kawaida, umeshika nusu ya mkono, ukijazwa upepo unaachia. Kuupata mkubwa kukatuchukua dakika kumi. Namba ya juu ya presha ikasoma 84. Tulipofungua tumbo, bandama imepasuka na damu imejaa.

Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mfuko wake wa hewa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Najua mtasema, "Daktari, sisi wa wilayani hatunao." Basi pima kwenye kigasha, lakini namba hiyo usiitegemee peke yake: shika mapigo, gusa ngozi, weka mpira wa mkojo uone unatoka kiasi gani. Na barua ya kuomba mkanda iandike leo. Wakinyamaza, andika nyingine.

Yupo pia anayenong'ona kwamba mgonjwa kajitakia, kwa nini kanenepa? Hilo sitaki kulisikia wodini kwangu. Mtu kagongwa barabarani, tumepewa tumtibu.

Kupumua. Ukimlaza chali, tumbo linasukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, mapafu yanabanwa, na ukimpa dawa ya usingizi oksijeni inashuka upesi kuliko kwa mtu mwembamba. Inua kichwani. Kama uti wa mgongo bado una shaka, usimkunje; inamisha kitanda kizima, miguu iwe chini.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nitakimbia. Hewa ikinaswa kifuani, sindano fupi ya kuitoa haivuki mafuta. Tangu toleo la 10 la ATLS, ile kozi ya kimataifa ya kutibu majeruhi, mwaka 2018, kwa mtu mzima tunachoma nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Mkanda wa kubana nyonga iliyovunjika ukae usawa wa vifundo vya juu vya mapaja. Inua tumbo kwanza, usiufunge juu yake. Sefazolini, dawa ya kuzuia maambukizi, kabla ya kupasua ni gramu 3 kuanzia kilo 120. Damu kuganda miguuni hatutaifikia leo.

Nimekuja na mikanda miwili, mdogo na mkubwa. Kabla ya chai tupime kwa yote miwili, tukianza na mkono wangu, kisha mwenye mkono mnene atakayekubali. Andikeni namba zote mbili.