Saa Nane ya Usiku: Maneno kwa Madaktari Watarajali, Tanga

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu, na nyinyi wanangu mnaoanza utarajali wiki hii, karibuni Tanga.

Mji huu una msemo wake: waja leo waondoka leo. Nyinyi mmepewa miezi 12. Mtapita magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Kila idara msimamizi atawatilia saini kitabu, na mkimaliza ndipo mtakapoomba usajili wa kudumu kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Hayo mnayajua. Mimi nimeomba nafasi hii niseme jambo moja ambalo kitabu hicho hakina ukurasa wake: kumwamsha mkubwa wako usiku.

Nilipokuwa mtarajali, katika hospitali ambayo sitaitaja, nililetewa mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti niliitoa vizuri: gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 10 za msuli, 5 kila tako. Degedege likakoma. Nikajiona nimeweza. Baada ya saa 4 nikaja na sindano ya pili ya gramu 5, ilikuwa kama saa nane ya usiku, na leba imejaa. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akaniwekea mkono kwenye sindano. Akaniuliza, “Daktari, goti umeligonga?”

Sikuwa nimeligonga. Tukaligonga pamoja, halikuruka, na goti lisiporuka ni dalili kwamba magnesiamu imezidi mwilini. Nikahesabu pumzi: 10 kwa dakika, nasi tulifundishwa zisipungue 16. Mfuko wa mkojo ulikuwa karibu mtupu, na figo ndiyo njia ya kuitoa magnesiamu mwilini. Mkojo usipotoka, dawa inabaki kwenye damu, na dozi inayofuata inaipandia ile ya kwanza. Tukaiacha sindano. Tukampa oksijeni, tukamchoma kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu iliyozidi, gramu 1 polepole, dakika 10 nzima, huku tukimtazama kifua. Yule mama alipona, na mtoto wake pia.

Chuo nilikuwa nimejibu swali hilohilo la mtihani na kulipata. Goti, pumzi, mkojo: nilikuwa navijua vyote. Lakini tangu saa nne ya usiku nilikuwa na wasiwasi na mkojo wa yule mama na sikumpigia mtu, kwa sababu wiki iliyotangulia nilimpigia mkubwa wangu akanijibu kwa ukali mbele ya wauguzi. Nikaapa moyoni kwamba sitapiga tena mpaka niwe na hakika. Kwa hiyo wanangu, ukishaanza kujiuliza kama upige au usipige, saa ya kupiga imefika. Usisubiri hakika. Na usipige mikono mitupu: sema mgonjwa ni nani, presha, mapigo, pumzi, mkojo, umempa nini na saa ngapi, kisha sema unachotaka. “Naomba uje” ni maneno mawili, yaseme hivyohivyo.

Sasa naelekea kwa mabingwa wenzangu mliokaa mbele. Hili ni letu zaidi kuliko lao. Tunawaambia watoto hawa watupigie, halafu anayepiga tunamkaripia. Mtarajali aliyekaripiwa mara moja huwanong'oneza wenzake wote, na mwaka mzima simu yako itakuwa kimya, nawe utadhani wodi imetulia. Tuzipokee simu hizo, na ile ambayo haikuwa na sababu tuifundishe asubuhi, faraghani.

Kuna jambo la hapa kwetu pia. Wagonjwa wetu wengi wanatoka mbali, Kilindi, Handeni, Mkinga, na wengine wameshachomwa dozi ya kwanza huko kwenye kituo cha afya kabla ya kupakiwa kwenye gari. Barua ya rufaa isomwe kabla hujagusa dawa. Kama haina saa ya dozi, muulize muuguzi aliyemsindikiza kabla gari halijageuza. Nimeona barua imekunjwa ndani ya kanga ya mama mkwe muda wote, hakuna aliyeiomba. Ndugu waliokaa nje kwenye benchi wana habari ambazo faili halina, na watu wa huku ukiwaamkia vizuri watakueleza yote.

Wauguzi sina haja ya kuwasifia, mmeshasikia nani aliokoa maisha usiku ule. Ila wanangu, mwiteni dada au mama, na mkiulizwa swali na muuguzi msilichukue kama dharau. Yeye ataziona zamu za usiku nyingi katika wodi ileile kuliko mtakazoziona nyinyi mkipita.

Kuanzia kesho, kwa idhini ya uongozi, namba zetu mabingwa zitabandikwa leba na wodi ya watoto, yangu ikiwa ya kwanza. Makabidhiano ya zamu yatafanyika saa moja na nusu asubuhi, tumesimama kando ya vitanda wala si ofisini, tukianza na mgonjwa aliyetutia hofu zaidi usiku. Muuguzi wa zamu atasema kwanza, mtarajali atafuata, bingwa atasikiliza hadi wamalize. Wa zamu ya leo usiku ni nani? Haya, baki kidogo uichukue namba yangu kabisa.