Soriasisi Haihesabiwi kwa Wiki

Ndugu zangu wauguzi, wafamasia na ninyi mnaouza dawa madukani hapa Mbeya, narudia jambo ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema Tukuyu na Makambako: mgonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, asiahidiwe kupona, wala asikatishwe tamaa. Aambiwe wazi kwamba ugonjwa utatulia, pengine kwa miezi au hata miaka, kisha utarudi, na kwamba hali yake ya baadaye inategemea namna anavyotunzwa katika vipindi vyote viwili.

Mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Makete, alinijia mwezi Julai, baridi ikiwa imekaza, akamimina mezani tyubu tisa za dawa ya kupaka, nyingine zimekunjwa hadi shingoni. Nyingi zilikuwa za fangasi, kwa sababu mabaka yake hayakuwa mekundu kama ya picha za vitabuni, bali ya zambarau iliyokolea yenye magamba ya kijivu. Mwishowe aliuziwa vidonge vya prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi; ngozi ikasafika kwa siku chache, akaviacha, na haukupita muda mwili mzima ukatoka vipele vya usaha, akalazwa na homa kali. Nawasihi, vidonge hivyo visitolewe dirishani kwa ajili ya soriasisi.

Najua mtu ataniuliza: kama hauponi, dawa ni za nini? Mbona kwa kisukari hatuulizi? Seli za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi kufika juu, kwa mgonjwa huyu hufika kwa siku chache, kwa kuwa kinga ya mwili inazisukuma, na dawa huutuliza msukumo huo. Mama yule sasa anameza methotrekseti, mojawapo ya dawa hizo za kutuliza kinga, mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, maana kuimeza kila siku kunaweza kuua. Anapimwa damu na ini, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ameuacha. Julai iliyofuata alibaki na baka moja kiwikoni.

Muda umenibana. Viungo: wagonjwa hadi 3 kati ya 10 hupata baridi yabisi ya soriasisi, basi waulizeni kama vidole hukakamaa asubuhi, kabla havijapinda. Pimeni pia presha na sukari. Na soriasisi haiambukizi, Mkutano wa Afya Duniani uliitambua hivyo mwaka 2014, lakini mama huyu alikuwa ametengewa sahani na kikombe chake kwa miaka minne. Muulizeni kila mgonjwa anakula na nani nyumbani, kisha muiteni huyo anayemtengea vyombo.